Kiitikio cha Wimbo: Kutoka Balwo hadi Ifo

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya kiitikio katika wimbo wa Kisomali, na kulitazama swali ambalo historia hiyo inalizusha kwa mtunzi wa Kiswahili aliyelelewa Ifo, katika Kaunti ya Garissa. Kwa kiitikio tuna maana ya ile sehemu ya wimbo inayorudiwa baada ya kila ubeti, na ambayo msikilizaji huweza kuipokea baada ya kuisikia mara moja au mbili.

Mwanzo wa wimbo wa kisasa wa Kisomali unahusishwa na Abdi Deeqsi, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Abdi Sinimo, dereva wa lori la biashara katika sehemu za Borama, katikati ya miaka ya 1940. Masimulizi yaeleza kwamba lori lake liliharibika nyikani, naye akaililia shida iliyompata. Wito huo ndio uliokuwa kiitikio, na neno lililoitwa, balwo, likawa jina la utanzu mzima. Neno hili lina asili moja ya Kiarabu na neno letu balaa. Tungo zenyewe zilikuwa fupi mno na zilihusu mapenzi. Viongozi wengi wa dini walizipinga. Baadaye tungo fupi kadhaa ziliunganishwa kuwa wimbo mrefu, na wito wa balwo ukaupisha wito mwingine, heello, usiobeba maana mahususi. Huo nao ukawa jina la utanzu, na John William Johnson akautumia katika anwani ya uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 1974. Basi mara mbili mfululizo ni kiitikio kilichoupa utanzu jina, wala si mada wala ala. Ingawa udi, ulioingizwa na Abdullahi Qarshe, mzaliwa wa Moshi, Tanganyika, ulibadili sana muziki wenyewe.

Nguvu hiyo ya kiitikio ina sababu. Kisomali hakikuwa na hati rasmi hadi mwezi Oktoba 1972. Wimbo ulihifadhiwa kichwani, ukasambazwa na wasafiri na redio. Hata baada ya hati kupatikana, ilidhihirika kuwa kumbukumbu bado ina kazi. Hargeisa iliposhambuliwa kwa mabomu mwaka 1988, baadhi ya kanda za muziki zilinusurika kwa kufichwa chini ya ardhi. Na dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, mwaka ambao kambi ya Ifo ilifunguliwa, wengi walivuka mpaka pasipo kanda wala kitabu. Kilicho kifupi na chenye kurudiwa ndicho chepesi kubeba.

Ni nini basi kinachokifanya kishikike? Ushairi wa Kisomali hauna sharti la vina vya mwisho. Sharti lake ni urudiaji wa sauti ya mwanzo wa neno: kila mstari uwe na angalau neno moja linaloanza kwa sauti iliyochaguliwa kwa tungo nzima; irabu zote huhesabiwa kuwa sauti moja. Ushairi wetu wa kimapokeo, kinyume chake, huweka kigingi cha kumbukumbu mwishoni mwa kipande. Mwanafunzi wa Ifo, ambaye shule zake hufuata mtaala wa Kenya, hukutana na sheria zote mbili: ile ya nyumbani na ile ya somo la Kiswahili.

Hapa pana hatari mbili. Ya kwanza ni ya mwalimu, ambaye huenda akakikosoa kiitikio kisicho na vina ilhali kimefungwa kwa sheria nyingine. Ya pili ni ya mtunzi. Upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili hutoa urudiaji wa sauti bila jasho: kisima kikubwa kikavu. Anayedhani kuwa hilo latosha amepewa na sarufi kile alichopaswa kukitafuta. Tulinganishe mifano miwili tuliyoitunga:

Tumehama, tumefika, tumekaa.
Tumehama, tumehaha, tumehimili.

Katika mfano wa kwanza, kinachorudiwa ni viambishi tu. Katika wa pili, sauti h imechaguliwa katika mizizi yenyewe, na maana inapanda hatua kwa hatua: kuondoka, kutangatanga, kustahimili. Mizani imezidi kwa silabi moja na vina havipo. Hata hivyo sikio hulishika fungu la pili upesi zaidi, na si rahisi kubadili neno lake moja bila kulivunja.

Kwa maoni yetu, basi, kiitikio cha Kiswahili kinachotungwa Ifo kipimwe kwa mzizi wa neno kabla ya kupimwa kwa kina. Kufanya hivyo hakuupunguzii ushairi wetu hadhi. Kunauongezea kigingi cha pili, kilichokwisha kujaribiwa na watu waliolazimika kubeba nyimbo zao vichwani.