Stahili ya Likizo Haingoji Mwaka Uishe

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, Sura ya 366, inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa miezi 12. Haki hiyo tumezoea kuiita "likizo ya mwaka", na kwa karani wa ajira ya kudumu jina hilo halina madhara. Kwetu Nzega, katika nchi ya Wanyamwezi, hali ni tofauti, kwa kuwa kazi hufuata msimu. Enzi za misafara ya biashara, wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani wakati wa kiangazi, na wengi walirejea kuwahi mvua za kilimo. Hadi leo kazi nyingi za ujira hapa, hasa za pamba, huja na msimu na kuondoka nao. Kibarua wa msimu akisikia "likizo ya mwaka", anaelewa kuwa asiyetimiza mwaka hana chake. Sheria haisemi hivyo, na ndiyo maana natetea istilahi "stahili ya likizo": kile ambacho mtu amekwisha kukifanyia kazi, hata kama hajakipokea. Kifungu cha 31 kinakipima wazi, ujira wa msingi wa siku 1 kwa kila siku 13 za kazi, kipimo kinachokaribiana na 365 kugawanywa kwa 28. Aliyefanya kazi siku 78 anadai ujira wa siku 6, na hulipwa msimu unapoisha.

Atakayepinga atataja kifungu cha 29, kinachomnyima likizo yenye malipo mwenye utumishi wa chini ya miezi sita. Ni kweli, lakini kifungu hichohicho kinamtoa mfanyakazi wa msimu katika sharti hilo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba fedha si mapumziko. Nalikubali kwa ajira ya kudumu, ambako mwili unahitaji siku zenyewe. Kwa kibarua wa msimu kazi hukoma yenyewe, na kinachomsumbua ni kukaa bila ujira. Neno lisilofaa kabisa ni "ruhusa", ambalo baadhi ya wasimamizi hulitumia kwa likizo yoyote, kwa sababu ruhusa huombwa na hukataliwa. Wanaoandaa mikataba ya msimu waandike "stahili ya likizo" pamoja na kipimo chake. Mwajiri asipolipa, mfanyakazi ana siku 60 kupeleka dai lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.