Mirihi ya Johannesburg: darubini, chaki za rangi, na waliobaki nje ya picha



Historia ya safari za anga inapotajwa, fikra zetu nyingi hukimbilia Houston au Baikonur. Hebu leo tutazame Johannesburg. Mji huu tunaujua kwa dhahabu, magereza na treni za vibarua, lakini kwa muda mrefu ulikuwa pia mmoja wa miji iliyoitazama sana sayari ya Mirihi.

Kwenye kilima cha mtaa unaoitwa mpaka leo Observatory, kituo cha kutazama anga kilianza mwaka 1903. Mkuu wake wa kwanza, Robert Innes, hakuwa na digrii. Aliwahi kuwa mfanyabiashara wa mvinyo Sydney. Mwaka 1915 alitangaza kuiona nyota ndogo tunayoijua sasa kama Proxima Centauri, ambayo ndiyo jirani wa karibu kuliko nyota zote baada ya Jua. Miaka kumi baadaye ikafungwa hapo darubini kubwa yenye lenzi ya inchi 26 na nusu.

Mtu ninayetaka tumkumbuke leo ni William Stephen Finsen. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1905, akafanya kazi kilimani hapo tangu ujana wake, na kuanzia 1957 hadi 1965 akawa mkuu wa kituo. Kazi yake hasa ilikuwa nyota pacha, yaani kupima nyota mbili zilizokaribiana mno hata jicho linaziona kama moja. Kazi hiyo inataka subira ya mvuvi wa usiku. Lakini mwaka 1956 Mirihi ilisogea mpaka umbali wa kilomita milioni 57 hivi, na kutoka kusini mwa dunia ilionekana juu kabisa angani. Finsen akaielekezea darubini na kupiga picha za rangi. Zilikuwa miongoni mwa picha bora za sayari hiyo zilizopata kupigwa kutoka ardhini kabla ya vyombo vya anga.

Kwa nini picha hizo zilikuwa na uzito? Kwa sababu hadi wakati ule Mirihi ilikuwa mali ya wachoraji. Tangu Schiaparelli achore mistari yake mwaka 1877, na Lowell aigeuze kuwa mifereji ya viumbe wenye akili, kila mtazamaji alichora kwa penseli alichokiona na pengine alichokitamani. Naye Mmarekani Chesley Bonestell alikuwa akichora kwa rangi mandhari za sayari ambazo hakuna aliyezifikia, na watu wakaziamini kama picha za safari. Simlaumu. Pale macho yanapokomea, mkono huendelea.

Kisha ikaja Julai 1965, mwaka uleule Finsen alipomaliza ukuu wake. Chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi na kupiga picha 22, ya mwisho ikiwa haikukamilika. Bonde la Hartebeesthoek, magharibi ya Johannesburg, lilikuwa na sahani ya mita 26 iliyojengwa kwa ajili ya NASA mwaka 1961, nayo ikawa mojawapo ya masikio yaliyozipokea habari hizo. Kila picha ilikuwa na nukta 40,000, na kila nukta ilikuwa namba tu, kuanzia 0 mpaka 63. Habari zilikuja polepole mno: picha moja ilichukua kama saa nane kufika.

Kule California wahandisi wakashindwa kusubiri kompyuta. Wakachapa namba kwenye vipande virefu vya karatasi, wakavibandika ukutani, na mmoja wao, Richard Grumm, akanunua chaki za rangi kwenye duka la vifaa vya wachoraji. Wakapaka namba moja baada ya nyingine, kahawia hapa, manjano pale. Kumbe basi picha ya kwanza ya Mirihi kutoka angani ilikuwa mchoro wa mkono! Picha zilizofuata zikaonyesha mashimo kama ya Mwezini. Mifereji ya Lowell haikuonekana.

Sasa tuulize: mikono gani imeandikwa katika hadithi hii? Ya Finsen imeandikwa, ya Grumm pia. Lakini mwaka 1959, huku Finsen akiongoza kilima, sheria ilikwisha pitishwa kuwazuia Waafrika kuingia vyuo vikuu vya Wazungu bila ruhusa maalumu. Hartebeesthoek iliendeshwa chini ya sheria hizohizo. Kazi za ufundi zilikuwa za Wazungu, na Waafrika wakabaki vibarua. Wabunge weusi wa Marekani, Charles Diggs na Charles Rangel, walilipigia kelele jambo hilo, na mwaka 1974 NASA ikaondoka. Sahani ikabaki mikononi mwa Waafrika Kusini kwa utafiti wa nyota. Kilima nacho kilikwisha fungwa mwishoni mwa 1971, kwani taa za mji zilikuwa zimeufifisha usiku.

Sisi wa pwani jambo hili si geni. Unguja nayo ilikuwa na kituo cha NASA cha safari za Mercury, kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Waliopika, waliolinda na waliochimba mitaro pale nao hawakuandikwa. Na hata hivyo mbingu haikuwa ngeni kwa watu wetu. Mirihi, Zuhura, Mshtarii na Zohali ni majina ambayo lugha yetu ilikuwa nayo kabla ya sahani yoyote ya chuma.

Ombi langu ni hili. Kijana aliyekata majani Hartebeesthoek mwaka 1965 akiwa na miaka 20, leo kama yu hai amepita 80. Tulio na wanafunzi, au jamaa walioko Gauteng na Unguja, tuwatume wakawasikilize wazee hawa na kurekodi maneno yao. Picha ya Mirihi ilikamilika kwa kupaka nukta moja moja. Hii yetu bado ina nukta nyingi tupu, na wanaozijua wanaondoka.

Naomba kuwasilisha.