TOBO LA MV BUKOBA, MPISHI WA KINAIJERIA NA MVUVI WA KASIA: Stori Inayotuhusu Sisi wa Gungu

Leo umbea wa mastaa naweka pembeni. Majina sitaji, ingawa mmoja wao mtamjua tu.

Tuanze na tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, imejaza watu kupita uwezo wake. Haikuzama palepale. Ilielea tumbo juu, na ndani kulikuwa na watu hai wanagonga chuma. Waokoaji wakaamua kutoboa. Hebu jiweke pale: unasikia binadamu anagonga, utakaa umekunja mikono? Shida ni kwamba hewa ile waliyokuwa wanavuta waliokwama ndiyo hiyohiyo iliyokuwa inaishikilia meli isizame. Tobo lilipopatikana hewa ikafyatuka nje, maji yakapanda, meli ikaenda chini. Ajali ile iliua watu zaidi ya 800.

Msikimbilie kulaumu. Mwaka 1996 Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hili mnalolijua halikuwepo, sheria iliyoliunda ni ya 2007. Zimamoto ilikuwa mambo ya halmashauri, gari jekundu na mpira wa maji basi. Wazamiaji wengine ilibidi watoke Afrika Kusini.

Sasa rukeni mpaka Mei 2013, pwani ya Nigeria. Tagi imezama, imelala chini kama mita 30. Mpishi wa meli amekwama kwenye kijichumba chenye hewa kidogo, giza totoro, siku karibu tatu. Wazamiaji waliingia wakitafuta maiti, mkono wa maiti ukawashika! Video ipo mtandaoni, wengi mmeiona. Ambacho hamkukiona ni hesabu iliyofuata. Kwenye chumba kilichofungwa, hewa chafu unayoitoa mwenyewe inaweza kukumaliza kabla ile nzuri haijaisha, ila maji ya pembeni huwa yanainyonya kiasi. Halafu mwili uliokaa chini muda mrefu vile haupandishwi juu ghafla. Walimkalisha kwanza kwenye chemba ya shinikizo zaidi ya siku mbili, la sivyo wangemuokoa halafu wamuue wenyewe. Jamaa baadaye akasomea uzamiaji. Mimi nisingeoga hata kwenye beseni.

Miaka mitano mbele, 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara. Kivuko cha watu 101 kilibeba zaidi ya mara mbili. Giza lilipoingia uokoaji ukasitishwa mpaka asubuhi. Waliokufa wakapita 220. Lakini siku ya pili baada ya ajali, wazamiaji wakamkuta fundi mmoja hai, karibu na injini, kwenye hewa iliyonaswa. Safari hii walimfuata kule ndani.

Halafu 6 Novemba 2022, Bukoba. Ndege yenye watu 43 ikaingia ziwani, uwanja wa ndege unaonekana pale pale. Waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja alisema alitumia kasia kwenye mlango wa nyuma, akajaribu na kwa marubani mpaka akapoteza fahamu. Walipona 24, walikufa 19, marubani wote wawili wakiwemo. Kijana akapewa milioni moja na ajira Zimamoto. Nyinyi mkahamia kubishana nani hasa alifungua mlango, wiki nzima.

Wachunguzi wa ajali wao waliandika jambo ambalo halikutrendi kivile: uokoaji ungefanyika haraka, wengi zaidi wangepona. Kwangu hiyo ndiyo habari kubwa. Kumuajiri mvuvi ni heshima, sikatai. Lakini ripoti ile ukiisoma vizuri inakuonyesha kwamba kila mvuvi ziwani ni muokoaji wa kwanza, na mafunzo, kamba na namba ya simu vinatakiwa vimfikie kabla ajali haijatokea.

Kwa nini nawachosha na Ziwa Victoria wakati sisi ni wa Tanganyika? Victoria kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80. Tanganyika ni mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Liemba yetu Wajerumani waliizamisha 1916 na ikaja kuibuliwa, kwa sababu walichagua maji mafupi, karibu na mdomo wa Malagarasi. Boti ikizama katikati ya maji haya hakuna mzamiaji atakayekufuata kwenye hewa iliyonaswa. Stori ya fundi wa Ukara huku haitajirudia. Una dakika zako chache juu ya maji, na aliye jirani na mtumbwi.

Juzi nilichukua boda kutoka Gungu mpaka Kibirizi, nikapanda boti. Watu tulikuwa kama arobaini, na mizigo. Nikauliza jaketi okozi ziko wapi. Kijana wa boti akaninyooshea kidole chini ya magunia ya dagaa, akaniambia, "Zipo kaka, tukikaguliwa tunazitoa."

Mama mmoja aliyekaa na mtoto mgongoni akasema tumpe hata moja tu, ya mtoto. Tukahamisha magunia manne. Iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima, mkanda umekatika, tukaifunga kwa kipande cha khanga.

Namba ya Zimamoto ni 114. Kuna mtu kwenye ile boti alikuwa nayo kwenye simu? Niliuliza. Mzee mmoja tu, na simu yake ilikuwa imezima chaji.