Kurasini na Mkwajuni

Sifa ya Dar es Salaam kuwa ngome ya wapigania uhuru haikuzuka hewani. FRELIMO iliasisiwa humo mwaka 1962, na vijana wa Msumbiji wakasomeshwa Kurasini, Temeke. Ila mji uliowafungulia wageni mlango wa siasa umekuwa mzito kuwafungulia wanawe. Tarehe 16 Februari 2018, Mkwajuni, Kinondoni, polisi walitawanya maandamano ya CHADEMA ya kudai hati za mawakala wa uchaguzi mdogo. Risasi ikamuua mwanafunzi aliyekuwa ndani ya daladala, wala hakuwa muandamanaji. Walioshtakiwa ni viongozi wa chama: Machi 2020 wakatozwa faini, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikawafutia hatia. Mfyatuaji hakupandishwa kizimbani.