Waraka wa Jenerali Alavi

Tarehe 19 Novemba 2008, gari lililomchukua Meja Jenerali mstaafu Ameer Faisal Alavi lilikuwa likipita katika viunga vya Islamabad, mji mkuu wa Pakistani, lilipozibiwa njia na watu wenye silaha, wakalimiminia risasi, nao wakenda zao wakiwaacha jenerali na dereva wake maiti. Mauaji ya namna hiyo yalikuwa mengi nchini humo mwaka ule, na huenda haya nayo yangalizikwa pamoja na mengineyo, lau kama marehemu mwenyewe hakuwa ameacha nyuma yake waraka, na pamoja nao wasia kwamba akiuawa utangazwe.

Msomaji wa pande zetu atapenda kujua kwamba mtu huyu alizaliwa Kenya, siku nchi hiyo ilipokuwa chini ya bendera ya Kiingereza, naye alikuwa raia wa Uingereza, akauacha uraia ule kwa ridhaa yake ili awe askari wa Pakistani. Dada yake, Nadira, ndiye aliyeolewa na mwandishi V. S. Naipaul, aliyetunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 2001. Alavi alipanda daraja hadi akawa jemadari wa makomando wa jeshi, kikosi ambacho sifa zake zimeenea kote nchini, na mwaka 2003 makomando hao waliendesha shambulio la Angoor Ada, karibu na mpaka wa Afghanistan, dhidi ya wapiganaji wa kigeni waliokimbilia huko.

Ili kuufahamu waraka wake, yafaa kukumbuka hali ya Waziristan, eneo la mpakani na Afghanistan, siku zile, ambako jeshi lilipigana kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili likiandikiana suluhu. Mwezi Aprili 2004 lilipatana na kamanda wa Taliban, Nek Muhammad, huko Shakai, naye hakuishi hata miezi mitatu, kwani aliuawa kwa kombora mwezi Juni. Na Februari 2005 likapatana na kamanda mwingine, Baitullah Mehsud, huko Sararogha. Mapatano hayo yalikuwa ya dhahiri, mbele ya macho ya watu. Aliyoyadai Alavi ni mengine, ya faraghani: kwamba wako majenerali walioafikiana kwa siri na wakuu wa Taliban wasishambuliane, ilhali askari wa chini walikuwa wakiendelea kufa vitani.

Mwaka 2005 aliachishwa kazi kwa shutuma ya mwenendo usiomstahili afisa. Yeye alishikilia kwamba shutuma ile ilikuwa hila, iliyotungwa na watu waliotambua kuwa anayajua mambo yao. Alivumilia takriban miaka mitatu, kisha Julai 2008 akamwandikia mkuu wa jeshi, Jenerali Ashfaq Parvez Kayani, akiwataja majenerali wawili kwa majina, akiomba heshima yake irudishwe, na akiahidi kuleta ushahidi. Nakala alimkabidhi mwandishi wa Kiingereza, Carey Schofield, kama mtu awekaye amana, na mwandishi huyo akaitimiza amana ile katika gazeti la Sunday Times la tarehe 14 Disemba 2008. Katika nakala iliyochapishwa, mahali pa majina yale mawili palifutwa. Msomaji aliyaona madai yote, asiwaone wadaiwa.

Tangu hapo watu wakagawanyika. Wako waliosema kwamba hayo ni maneno ya mtu mwenye kinyongo, aliyefukuzwa akataka kulipiza. Serikali kwa upande wake iliwaelekezea lawama wapiganaji wa jihadi. Meja mmoja mstaafu alikamatwa na kushitakiwa pamoja na wenziwe, na mwaka 2011 mahakama ya Rawalpindi ikawaachilia huru.

Kwa maoni yangu, katika mabishano haya maswali mawili yamefungwa kamba moja, na hilo ndilo kosa kubwa. Nani aliyemwua Alavi ni swali moja. Je, aliyoyaandika ni kweli, hilo ni la pili. Yamkini kabisa wapiganaji walimwua kwa kisasi cha Angoor Ada, na hata hivyo waraka wake ukawa wa kweli. Na yamkini waraka ukawa wa uongo, na damu yake ikabaki haina wa kuijibu. Aliyeandikiwa hakuwa mahakama, bali mkuu wa jeshi, na kuuchunguza waraka hakukuhitaji kungojea muuaji ashikwe.

Wala si mara ya kwanza kwa Pakistani kuacha maswali ya namna hii bila jibu la wazi. Ripoti ya tume ya Jaji Hamoodur Rahman, juu ya kushindwa vita vya mwaka 1971 na India, ilifungiwa kabatini hadi mwaka 2000, ilipochapwa kwanza na jarida la India, yaani raia walisoma habari za jeshi lao kwa hisani ya hasimu wao. Na ajali ya ndege iliyomwua Rais, Jenerali Zia-ul-Haq, karibu na Bahawalpur, Agosti 1988, hadi leo inaaguliwa kwa uvumi.

Kwa hiyo nawasihi wenye mamlaka mjini Islamabad, na bunge lao kabla ya wote, waufungue waraka wa Julai 2008 pamoja na majina yaliyomo, wawahoji waliotajwa, na watangaze walichokiona. Na faili ya mauaji nayo ifunguliwe upya, kwani ndani ya gari lile alikuwamo pia dereva, ambaye hakumwandikia mkuu yeyote barua yoyote, na damu yake nayo ingali inadai.