Wanawake na Siri za Anga Katika Vita Kuu ya Pili

Vita vinapokwisha, sifa huwaendea wale walioonekana katika mstari wa mbele. Wale waliowawezesha kufika huko husahauliwa upesi. Historia ya safari za siri za ndege za upelelezi za Uingereza, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ni ushahidi mmojawapo wa jambo hilo.

Safari hizo zilianza hata kabla ya vita kutangazwa. Mwaka 1939 Sidney Cotton, mtu wa Australia, alirusha juu ya nchi ya Ujerumani ndege ndogo ya abiria iliyofichwa kamera tumboni mwake. Vita vilipoanza likafuata wazo la kijasiri zaidi. Ndege ya kivita aina ya Spitfire iliondolewa bunduki zake zote, ikafungwa kamera, na baadaye mahali pa bunduki katika mabawa pakajazwa petroli. Safari ya kwanza ya namna hiyo ilifanywa tarehe 18 Novemba, 1939. Rubani alikwenda peke yake, juu sana, pasipo risasi hata moja. Kinga yake ilikuwa ni mwendo wa kasi, kimo, na rangi ya buluu iliyofanana na mbingu.

Matunda yake yalikuwa makubwa. Tarehe 21 Mei, 1941, Michael Suckling aliruka kutoka Scotland akaipiga picha manowari Bismarck ilipokuwa imejificha katika pwani ya Norway. Siku sita baadaye manowari hiyo ilizamishwa.

Lakini picha haisemi yenyewe. Inahitaji mtu wa kuisoma. Kazi hiyo ilifanyika Medmenham, kando ya mto Thames, na wengi miongoni mwa wasomaji walikuwa ni wanawake walioapishwa kutunza siri. Mmoja wao, Constance Babington Smith, alikuwa mkuu wa sehemu iliyochunguza ndege za adui. Mwishoni mwa mwaka 1943, akitazama picha za Peenemünde katika pwani ya Baltic, aligundua alama ndogo mno: ndege isiyo na rubani ikiwa juu ya mtambo wa kurushia. Hiyo ndiyo silaha ya V-1, iliyoanza kuipiga London tarehe 13 Juni, 1944. Kwa sababu ya picha kama hizo, mitambo mingi ya kuirushia ilikuwa imekwisha kushambuliwa kabla ya siku hiyo.

Ndege zenyewe nazo zilipaswa kutolewa viwandani na kupelekwa katika vituo vya jeshi. Kazi hiyo ilikabidhiwa shirika la raia lililojulikana kwa herufi A.T.A. Tarehe 1 Januari, 1940, wanawake wanane wa kwanza walianza kazi chini ya uongozi wa Pauline Gower. Mwanzoni walipewa ndege ndogo za mafunzo tu, kwani walikuwapo waliodai kwamba mwanamke hana nguvu wala akili ya kuendesha ndege ya vita. Muda si mrefu wanawake hao wakawa wanarusha Spitfire, zikiwamo zile za upelelezi, na baadhi yao hata ndege kubwa za mabomu zenye injini nne. Mmoja wao, Jackie Moggridge, mzaliwa wa Pretoria, Afrika ya Kusini, alifikisha ndege zaidi ya 1,500.

Marubani hao hawakuwa na simu ya upepo. Walisafiri kwa ramani, dira na macho yao, wakikwepa mawingu na maputo ya kuzuia ndege za adui. Kama marubani wa upelelezi, nao hawakuwa na silaha ya kujikinga. Tarehe 5 Januari, 1941, Amy Johnson, aliyekuwa amejipatia sifa duniani mwaka 1930 kwa kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia, alipotea njia katika hali mbaya ya hewa akaangukia katika mlango wa mto Thames. Maiti yake haikupatikana kamwe. Wanawake 15 wa shirika hilo walipoteza maisha yao kazini.

Pamoja na hayo, mwanzoni mishahara yao ilikuwa pungufu ya ile ya wanaume kwa asilimia 20. Iliwabidi kungoja hadi mwaka 1943 ndipo walipwe sawa.

Haiwezi kusemwa kwamba uwezo wa mapigano ulikosekana. Huko Urusi, Marina Raskova, ambaye mwaka 1938 aliruka na wenzake wawili wa kike kutoka Moscow hadi Mashariki ya Mbali, aliunda vikosi vitatu vya wanawake vilivyopigana angani.

Tarehe 30 Novemba, 1945, shirika la A.T.A. lilifungwa. Wachache walipata nafasi katika jeshi la akiba, lakini nafasi hiyo nayo ikafungwa katika miaka ya 1950. Ilikuwa mwaka 1989 ndipo Jeshi la Anga la Uingereza lilipotangaza kwamba litawakubali wanawake kuwa marubani, tena wa ndege zisizo za mapigano. Na beji ya kuwashukuru wale wa A.T.A. ilitolewa mwaka 2008, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kufariki.

Funzo lake li wazi. Mlango uliofunguliwa na shida hufungwa shida inapokwisha. Mwanamke aliyekabidhiwa ndege wakati wa hatari, kisha akanyang'anywa wakati wa amani, hakupewa haki yake; aliazimwa tu. Taifa linalowaita watu wake wote siku ya dhiki halina budi kuwaita wote pia siku ya neema.