Kipunguza-lawama

Wanaowafasiria sheria watu wa Beni na Butembo wamezoea kuiita "circonstances atténuantes" kuomba huruma. Kamati fulani, kwa kujiona makini zaidi, huandika "mazingira ya kupunguza adhabu". Tafsiri zote mbili zinapotosha. Huruma ni mali ya jaji, akipenda atatoa, asipopenda basi. Na mazingira, masikioni mwetu, ni miti na uchafu wa mitaro. Neno la Kifaransa limetokana na Kilatini tenuis, chembamba: kosa lenyewe ndilo linalopungua unene, adhabu hufuata nyuma. Kwa hiyo nashikilia kipunguza-lawama. Kimejengwa kama kipaza sauti na kifungua kinywa, kwa ki- ya chombo, kitenzi na jina; na lawama, ingawa asili yake ni Kiarabu, hata asiyesoma anajua kwamba kumlaumu mtu na kumfunga ni mambo mawili.

Tofauti hiyo inamwelemea mwanamke aliyemuua mume aliyekuwa akimpiga. Kanuni ya Adhabu ya Kongo ya 1940, kifungu cha 44, inampa muuaji adhabu nzito kabisa. Cha 18 kinamruhusu jaji kushuka chini ya hapo, na cha 19 kinamtaka ataje katika hukumu alichozingatia. Vipigo vya nyumbani havitajwi. Neno likiwa huruma, avoka husubiri dakika za mwisho: ni mama wa watoto, hajawahi kufungwa, mumhurumie. Likiwa kipunguza-lawama, lazima kithibitishwe tangu mwanzo: karatasi ya hospitali ya mkono uliovunjwa, jirani aliyemfungulia mlango usiku, shefu wa avenue aliyewasuluhisha mara kwa mara. Hapo jaji anapima ushahidi. New York ilitunga sheria ya namna hii 2019: mateso ya nyumbani yakiwa yamechangia kosa kwa kiasi kikubwa, kifungo kinaweza kupunguzwa. Bunge la Kinshasa lingeweza kuongeza sentensi moja tu kwenye kifungu cha 18.

Wapo wanaodai kwamba neno hili litawapa wake ruhusa ya kuua. Hawakukisoma kitenzi. Kupunguza si kufuta. Aliyepunguziwa lawama bado ataingia gereza la Kangbayi au la Kakwangura. Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake ya 2009, ilikataa adhabu ya kifo ya lazima kwa kuwa ilimziba jaji masikio, na mauaji hayakuhalalishwa kwa hilo.

Matumizi: wingi ni vipunguza-lawama, kwa kistari. "Tribinali imekubali vipunguza-lawama viwili: vipigo vya miaka mingi na vitisho vya kifo."